Soko la Mvita halikuchorwa, lakini Muyaka alikuwepo

Hebu tuanze na picha.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa kivulini nje ya geti moja la bandari, huku Kilindini, namngoja jamaa aniletee karatasi za kontena. Alisema dakika kumi. Kama ushawahi kufanya kazi za bandarini, hizo dakika kumi unazijua. Basi nikatoa simu, nikawa napitisha picha moja baada ya nyingine, mara ikatokea picha ya rangi za mafuta: uwanja wa soko katika mji mdogo wa Ujerumani uitwao Pirna. Ilichorwa miaka ya 1750. Mchoraji ni Bernardo Bellotto, Mtaliano wa Venice, mpwa wa Canaletto, ambaye naye alikuwa mchoraji mwenye jina kubwa. Bellotto alikuwa akijiita Canaletto vilevile, kwa jina la mjomba. Biashara ni biashara.

Nikaivuta picha kwa vidole viwili, unajua ile ya kukuza. Katikati ya uwanja kuna jengo la baraza la mji. Nyuma kuna kanisa lenye paa kubwa. Watu wadogo wadogo wamesimama vikundi vikundi, kila mmoja na shughuli yake, na kivuli cha nyumba kimelala chini vile kinavyolala kweli. Halafu juu ya kilima iko ngome, inaitwa Sonnenstein, inautazama mji wote kama askari wa zamu.

Ngome juu, soko chini. Nikacheka peke yangu hadi mlinzi wa geti akanitazama. Kwani hiyo si Mombasa? Fort Jesus juu ya mwamba, Mji wa Kale chini yake, na watu wanauza na kununua katikati.

Ndipo likaniingia swali ambalo halijanitoka mpaka leo. Wakati yule Mtaliano anachora soko la Pirna, soko letu lilikuwaje? Nani alichora la kwetu? Nikatafuta. Nikapata ngome ilivyoonekana kutoka baharini, milingoti, minazi, kazi za mabaharia na wasafiri wa Kizungu waliokuja miaka mingi baadaye. Nikapata picha za kamera za mwisho wa karne ya 19. Picha ya mafuta ya soko la Mvita ya miaka ya 1700, iliyochorwa na mtu wa hapa? Sikupata.

Lakini mtu tulikuwa naye. Hakushika brashi. Alishika maneno, na jina lake umelisikia darasani ukalipita kama kituo cha matatu kisicho chako: Muyaka bin Haji al-Ghassaniy.

Kabla sijaendelea nikuambie ukweli, msomaji wangu. Mimi si mwanahistoria. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma na mimi nikagoma. Kwa hivyo kama wewe ni profesa na umepotea njia ukafika hapa, nivumilie. Jambo jingine: sitakunukulia hata mshororo mmoja wa Muyaka. Shuleni tulipewa mishororo bila mtu, tukahesabu mizani, tukachora mstari chini ya vina, tukapata alama saba kwa kumi, tukasahau. Leo nataka umjue mtu. Mashairi yake utayatafuta mwenyewe.

Muyaka alizaliwa hapahapa Mombasa mnamo mwaka 1776. Ili upate hesabu vizuri, Bellotto alifariki Warsaw mwaka 1780. Kwa hiyo mchoraji wa soko la Pirna anafukiwa kaburini, mchoraji wetu ana kama miaka minne, huenda anakimbizana na wenzake vichochoroni.

Mji aliozaliwa haukuwa huu wa tuktuk na maghorofa. Upande huu wa Kilindini ninapopatia riziki haukuwa na kreni wala reli. Reli ilianza kujengwa 1896, Muyaka ashaoza zamani. Kilindi ni maji marefu, na jina hilo walikuwa nalo Wakilindini, mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Watangana na Wachangamwe. Waliobaki walikuwa Tisa Taifa. Jumla thenashara. Hao ndio waliokuwa wenye mji. Majahazi yenyewe yaliingia upande wa pili wa kisiwa, pale Bandari ya Kale, chini ya Fort Jesus.

Na ngomeni walikaa Wamazrui. Hii ni hadithi ndefu, naikata. Wareno walijenga ngome mwishoni mwa miaka ya 1500, Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu, wakawatoa 1698. Baadaye Oman ikaweka maliwali wa ukoo wa Mazrui. Miaka ya 1740 utawala ukabadilika kule Oman, wakaingia Mabusaidi, na Wamazrui wa Mombasa wakakataa kuwatambua. Wakaanza kujitawala wenyewe, wakishauriana na masheikh wa zile taifa. Kwa hiyo Muyaka alikulia katika mji uliojiona huru, mdogo, wenye kiburi, na wenye maadui pande zote. Ukijua hilo umeshamjua nusu.

Sasa niruhusu nikuchoree soko. Msimu wa kaskazi majahazi yanashuka kutoka Arabuni na Bara Hindi, yamebeba tende na vitambaa. Kutoka bara Wakamba na Wamijikenda wanaleta pembe za ndovu, sandarusi, nafaka. Boriti za mikoko zimelundikwa ufukweni zingoje kusafirishwa. Watu wanapatana bei kwa lugha nne tano kwa mpigo. Upepo ukigeuka kuwa kusi, wageni wanapandisha tanga wanarudi kwao, na mji unabaki na habari zao, madeni yao, na wakati mwingine watoto wao. Na tusijidanganye, walikuwepo pia watumwa, wa kubeba mizigo na wa kuuzwa. Mji uliokuwa ukiimba uhuru wake mbele ya Sultani ulikuwa na watu wasio huru ndani ya nyumba zake. Nakuambia hili mapema ili usije ukadhani nakuuzia paradiso.

Katika mji kama huo, ushairi ulikuwa wapi? Sehemu kubwa ya ushairi uliohifadhiwa kwa maandishi kabla yake ilikuwa tenzi ndefu za dini, zilizotungwa na wanazuoni wa Pate na Lamu, zikaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nyingine ni nzuri za kukutoa machozi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kwa mfano, inaionyesha Pate ikiwa magofu: zile zidaka za ukutani zilizokuwa zikipangwa vyombo vya kauri, sasa ndege wa mwituni wanalea makinda humo. Hiyo nayo ni picha ya mji, tena kali. Lakini inakutaka uitazame dunia kwa mbali, kama mtu anayejiandaa kuiaga.

Muyaka aliitazama dunia kwa karibu, akiwa bado anaidai. Alichukua shairi la beti za mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane hapa na nane pale, kina cha kati na kina cha mwisho. Ndiyo, ile ile uliyokaririshwa kidato cha pili. Hakuibuni yeye, lakini ndiye aliyeifanya iwe kipimo. Akaitumbukiza sokoni: mapenzi, wivu, ndoa na namna ya kuishi na mke, umaskini, marafiki wanaohama pesa zikihama, safari za bahari, vita, dunia inavyomgeukia mtu aliyeiegemea. Ana hata shairi linalohusu mtu aliyenyamaza, na kwa nini umwogope. Na ana mafumbo, yale unayotupiwa barazani ukakesha unayawaza, kesho yake unarudi na jibu kwa mizani ileile na vina vilevile, ama unyamaze watu wakucheke.

Kizazi chetu kinapenda kudhani kudisiana kwa mashairi kulianza na rap. Bana, wazee hawa walikuwa wakidisiana mji kwa mji. Beti inatoka Mvita, inapanda jahazi, inafika Lamu, inasomwa mbele ya watu, inajibiwa, jibu linarudi na upepo. Hapakuwa na kufuta ujumbe.

Lililowachochea zaidi ni vita vya Shela. Mnamo 1812 jeshi la Mombasa na Pate lilivuka kwenda kuipiga Lamu, likashuka Shela, likashindwa vibaya. Watu waliporudi mbio pwani wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Wakauawa wengi palepale. Muyaka alikuwa na miaka kama 36. Tafakari aibu ile: mji mzima unajua kina nani hawakurudi. Lamu kwa upande wake ikaogopa kisasi, ikamkimbilia Sayyid Said wa Oman aje ailinde. Kwa hivyo vita ambavyo Mombasa ilivianza ndivyo vilivyomfungulia Msultani mlango wa mwambao. Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi wa Lamu, alikuwa miongoni mwa waliorushiana beti na Muyaka. Mmoja alikuwa na ushindi, mwingine alikuwa na ulimi. Ukisoma, huwezi kusema aliyeshindwa vitani ndiye aliyeshindwa kwa maneno.

Miaka miwili baada ya hapo, mwaka 1814, Abdallah bin Ahmad al-Mazrui akawa liwali, na hapa Muyaka akafika kileleni. Walikuwa marafiki. Husimuliwa kwamba Sayyid Said alipotaka ada ya kumtambua, Abdallah alimpelekea deraya, baruti kidogo, risasi, na kibaba cha kupimia. Kibaba, msomaji! Kile cha dukani. Maana yake kila mtu aliielewa: ukitaka kitu kutoka Mombasa njoo upigane, na utakachopata ni hiki. Hiyo ndiyo aina ya utani ambao Muyaka aliupenda, wa kuchoma bila kupaza sauti.

Sasa niulize, na wewe ujiulize. Alikuwa mshairi, ama alikuwa bloga wa gavana? Maana leo tunao wengi, wanalipwa bando na chai waandike kwamba barabara imekamilika ilhali mashimo yanaonekana. Nimelifikiria hili kwa siku kadhaa. Muyaka alikuwa mtu wa upande, sitaficha. Aliwapiga Walamu, alimpiga Sayyid Said na watu wake wa Unguja, aliwahimiza watu wa Mvita wakaze mkaja. Alikula na wakubwa. Lakini mtu wa kulipwa tu huandika wakati mambo ni mazuri. Abdallah alifariki 1823, na Muyaka akaendelea. Maliwali wakabadilika, akaendelea. Mambo yakaharibika kabisa, bado alikuwepo. Alichokuwa akikitetea kilikuwa mji, na mji humalizi kuutetea kwa sababu tajiri wako amekufa.

Mambo yalivyoharibika ni hivi. Wamazrui waliona Said anakaribia, wakatafuta kinga kwa Waingereza. Kapteni William Owen akatia nanga Mombasa na meli yake Leven mapema 1824 akakubali kuuweka mji chini ya ulinzi wa Uingereza, bila kutumwa na serikali yake. Ile Leven House pale Mji wa Kale inabeba jina la meli hiyo. Owen akamwacha kijana wake, Luteni Reitz, awe mwangalizi, na Reitz akafariki kwa homa mwaka huohuo. Ukipita Port Reitz kuelekea uwanja wa ndege, jina lile ni lake. Kufika 1826 Uingereza ikasema haimtambui Owen na mpango wake, wakaondoka. Hata Waingereza walikuwa na mtu wa dakika kumi.

Mwaka 1828 Sayyid Said akaja mwenyewe na merikebu, akaingiza askari wake ngomeni kwa mkataba. Baada ya miezi wakatolewa. Akarudi 1829, akashindwa. Akarudi 1833, akashindwa tena. Fikiria maisha katika mji huo: kila msimu wa pepo unatazama upeo wa bahari kuhesabu matanga. Ni miaka hiyo ambapo mashairi ya Muyaka yananiingia zaidi, kwa sababu yanayaweka mambo makubwa na madogo sahani moja. Leo merikebu za vita ziko nje, na leo pia kuna mtu kaachwa na mpenziwe, na mwingine anadaiwa. Picha ya Pirna iko hivyohivyo. Ngome juu inatisha, lakini chini watu wanaongea mambo yao.

Mji haukuanguka kwa mizinga. Ulianguka kwa magomvi ya ndani, Wamazrui wenyewe kwa wenyewe, na wakubwa wa mji nao wakagawanyika, wengine wakaona afadhali Said. Mwaka 1837 akaingia. Baadaye viongozi wa Mazrui zaidi ya 20 wakakamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas upande wa Uajemi, wakafia huko. Waliosalimika wakahamia Takaungu na Gazi. Muyaka alikuwa na umri wa miaka kama 61. Aliona ukoo aliouimbia ukifutwa, na mji aliousifu ukipewa amri kutoka Unguja. Alifariki mnamo 1840.

Kwa kawaida hadithi ya mshairi wa mji ulioshindwa ingeishia hapo. Washindi ndio huwa na karatasi.

Lakini mashairi yalikuwa kwenye vichwa vya watu. Mabaharia, mabibi, wazee wa barazani. Na katika mji huu alikuwepo mwanachuoni aitwaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Huyu, nakuomba, jina lake ulishike, maana bila yeye makala haya yasingekuwepo. Miongo kadhaa baada ya Muyaka kuzikwa, Mwalimu Sikujua aliyakusanya mashairi yake, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, akaeleza maneno magumu na visa vilivyoyazaa. Mmisionari William Taylor, Mwingereza aliyekuwa Mombasa miaka hiyo na aliyekipenda Kiswahili kwa dhati, alifanya kazi naye. Mwalimu Sikujua alifariki 1890. Karatasi za Taylor zikafika London, ziko hifadhini kwenye chuo cha SOAS. Kutoka humo William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, ikapigwa chapa Johannesburg. Kisha mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kizima kuhusu Muyaka na mashairi yake, hapahapa Kenya.

Angalia safari ilivyo: maneno yaliyosemwa barazani Mvita yamekwenda London, yakapita Johannesburg, ndipo yakarudi nyumbani. Hasira ninayo kidogo, sikufichi. Lakini nikikumbuka kwamba mbadala wake ulikuwa mchwa, hasira inapoa.

Sasa rudi kwa Bellotto dakika moja, kuna sababu. Baada ya Ujerumani alikwenda Poland, akawa mchoraji wa mfalme kule Warsaw. Alichora barabara za Warsaw, makanisa yake, nyumba zake, watu wake, kwa uangalifu mkubwa. Akafa, watu wakaziona picha zake kama mapambo ya kasri. Halafu Vita vya Pili vya Dunia vikaja, na mwaka 1944 Wajerumani wakaivunja Warsaw mtaa kwa mtaa. Vita vilipokwisha, wajenzi waliotaka kurudisha mji mkongwe walizitumia picha zake. Dirisha hili lilikaa wapi, paa hili lilikuwa na umbo gani, wanamuuliza marehemu. Mji mkongwe wa Warsaw ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1980, miaka 200 kamili baada ya kifo chake.

Fort Jesus nayo iliingia orodha hiyohiyo 2011. Ngome ina walinzi na tiketi. Lakini toka hapo utembee Ndia Kuu, geuka Kibokoni, uangalie juu badala ya kuangalia simu. Hapa roshani ya mbao imeng'olewa. Pale mlango wa nakshi umekwenda, umewekwa wa chuma. Kule nyumba ya mawe ya matumbawe imeegemea mti, na ya jirani imeongezwa ghorofa mbili za saruji. Siwalaumu wenye nyumba, mbao za zamani hazilipi karo ya watoto. Nasema tu kile ninachokiona.

Na nyumba afadhali, zinapigwa picha na watalii kila siku. Lugha haipigwi picha. Hilo nililigundua kwa aibu. Kitabu cha 1979 niliazimwa na mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, akanipa kwa masharti kama ananipa gari. Nikakaa nacho usiku wa kwanza, nikatoka kapa. Mimi, mzaliwa wa kisiwa hiki, ninayejitapa kwamba watu wa bara hawajui Kiswahili! Muyaka anaandika Kimvita cha zamani. Macho ni mato, njia ni ndia, hayo kidogo unayakisia; jina Ndia Kuu lenyewe limekaa hapo kila siku kutukumbusha. Lakini kuna maneno mengine niliyatazama kama namba za kontena. Sheng' nimeijua, Kiingereza cha barua za bandarini nimekijua, lugha ya mtu aliyezikwa kisiwani kwangu sikuijua.

Usidhani mkondo wenyewe ulikatika. Ahmad Nassir na Malenga wa Mvita, Abdilatif Abdalla aliyefungwa miaka mitatu kwa sababu ya maandishi yake ya siasa akatunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani, hao ni watoto wa mji huuhuu na wa baraza hizihizi. Tulioteleza ni sisi wa nyuma.

Basi nikakipeleka kitabu kwa bibi yangu, Jumamosi baada ya alasiri. Bibi hajasoma shule ya Kizungu, amesoma chuoni, Kurani. Alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Nikamwomba anisaidie maneno mawili matatu. Nikaanza kusoma kwa sauti, vibaya, nikikwama kila baada ya hatua kama tuktuk isiyo na petroli. Akanisahihisha neno la kwanza bila kuinua kichwa. Akanisahihisha la pili. Nilipofika ubeti mmoja kuhusu dunia na anayeitegemea, nikageuza ukurasa, na kabla sijapata mahali, bibi akauendeleza mwenyewe. Mshororo uliofuata, na uliofuata, vina vyake vyote, mkono bado uko kwenye ungo.

Nikamuuliza ameupata wapi. Akasema ni maneno ya marehemu babake, alikuwa akiyasema kila mtu wa mtaa akifilisika. Nikamwambia ni ya Muyaka, yamo humu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa kwamba uji umevumbuliwa Nairobi. Jina la Muyaka analijua, akasema, lakini maneno hayo ni ya babake.

Kulikuwa na neno moja alilolisema tofauti na la kitabuni. Nikaweka simu juu ya mto, nikaanza kurekodi, nikamwomba arudie. Akarudia, vilevile, neno lake. Nikamwonyesha la kitabuni, nikamuuliza lipi ndilo. Akajibu lake ndilo, na kama waliliandika vingine huko Ulaya walisikia vibaya. Kisha akanikumbusha kwamba nazi zimekwisha, nishuke Marikiti kabla ya magharibi nimletee mbili, nzito, na nizitikise kwanza nisikie maji, nisije nikauziwa mbovu kama juzi.